Namna ya Kulitafsiri Neno “Run” kwa Kiswahili Kinachoeleweka

Miaka michache iliyopita nililetewa kipeperushi cha maelekezo ya jenereta ndogo, kimekwisha kutafsiriwa, nikipitie kabla hakijapelekwa kwa mpiga chapa. Katika ukurasa wa pili, chini ya alama ya hatari, palikuwa na sentensi iliyosema, “Usikimbize jenereta ndani ya nyumba.” Kiingereza chake kilikuwa “Do not run the generator indoors,” yaani jenereta isiwashwe ndani, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mwenye duka akisoma kwamba asikimbize jenereta, ataona ameambiwa asiipe moto mwingi. Kisha ataiwasha taratibu nyuma ya kaunta, atafunga mlango kwa kuhofia wezi, na atalala hapohapo. Nilifuta neno moja nikaandika “Usiwashe”, lakini sentensi ile haijanitoka moyoni mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya niuandike mwongozo huu kwa ajili ya wafasiri, walimu wa Kiingereza, wakalimani wa hospitalini, na yeyote anayesoma Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili.

“Run” ni neno la herufi tatu ambalo mwanafunzi hulipata katika miezi yake ya kwanza ya kujifunza Kiingereza, na kwa sababu hiyo wengi hawarudi tena kulitazama katika kamusi. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alitumia takriban miezi tisa kulipanga upya, na alipomaliza alikuwa amehesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Kabla ya hapo, katika toleo la mwaka 1989, neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote lilikuwa “set”. Hakuna anayeweza kukariri maana 645, wala si lazima. Kinachohitajika ni utaratibu wa kuihoji sentensi, na ukiufuata utaratibu huo, mara nyingi neno la Kiswahili hujitokeza lenyewe.

Hatua ya kwanza: Hakikisha umelitambua umbo la neno

Hatua hii ni fupi lakini wengi huiruka. Kitenzi hiki hubadilika kuwa “ran” katika wakati uliopita, kisha kikarudi kuwa “run” kinapotumika katika hali timilifu au katika kauli ya kutendwa. Kwa hiyo “the school is run by nuns” haina mtu anayekimbia popote; ni shule inayoendeshwa na masista. Ukiona “is”, “was”, “has” au “have” mbele ya “run”, simama kwanza na ujiulize nani ametenda na nani ametendwa.

Hatua ya pili: Tazama kiima

Kiima, yaani yule au kile kinachosemwa habari zake, kikiwa mtu au mnyama, na sentensi ikazungumzia mwendo wa miguu, “kukimbia” linatosha. Ukisoma kwamba Filbert Bayi “ran” pale Christchurch mwaka 1974, utaandika kwamba alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia. Hata hapa, hata hivyo, pana mahali pa kuangalia. “Runner” ni mkimbiaji wala si mkimbizi, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kumtenga mkimbizi awe mtu aliyeihama nchi yake ili kuokoa maisha. Vilevile “she ran to her husband” ni “alimkimbilia mumewe”. Ukiipoteza silabi moja ukaandika “alimkimbia mumewe”, umesema kinyume kabisa, kwamba amemwacha. Kiingereza hutofautisha mambo haya kwa kuongeza “to” au “from”, ilhali Kiswahili huyatofautisha ndani ya kitenzi chenyewe, na mfasiri asiyezipenda kauli za vitenzi hawezi kulimudu neno hili.

Kiima kikiwa kitu cha majimaji, hapo ndipo penye utajiri. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilikuwa “rinnan” au “irnan”, na tangu wakati huo kilibeba pamoja maana ya kukimbia na ya kutiririka. Ndugu yake wa Kijerumani, “rinnen”, mpaka leo maana yake ni kutiririka. Mwingereza anaposema maji “run” hayafananishi na kiumbe mwenye miguu, bali anatumia maana ya asili ya neno lake. Kiswahili kwa upande wake hakina kitenzi kimoja kwa majimaji yote. Mto hutiririka, hupita mahali fulani, na ukifika baharini humwaga maji yake, kama Rufiji unavyomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Maji ya bomba hutoka, na ndiyo maana jirani huuliza, “Kwenu maji yanatoka?” Jasho humtiririka mtu, machozi humbubujika, damu humchuruzika, na kamasi humtoka. Kwa hiyo “my nose is running” ni “natokwa na kamasi” au, kwa kifupi, “nina mafua”. Anayesema “someone left the tap running” analalamika kwamba kuna mtu ameacha bomba wazi, na malalamiko hayo yasichanganywe na ya bomba linalovuja, kwa sababu linalovuja ni bovu na linahitaji fundi, ilhali lililoachwa wazi linahitaji mkono wa kulifunga.

Kwa “running water”, wahudumu wa afya nchini Tanzania wametuzoesha msemo “maji tiririka”, ambao ulisikika kila mahali wakati wa UVIKO-19, na mimi nauona ni msemo mzuri kwa sababu ni mfupi na mtu akiusikia anajua la kufanya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15 kabla ya kukimbizwa kituo cha afya kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Maagizo hayo yakiandikwa “maji yanayokimbia”, mama aliyeshika mkono wa mtoto unaovuja damu hatajua kama anaambiwa aende mtoni au afungue bomba. Lakini maneno hayohayo, “running water”, yakitokea katika tangazo la nyumba ya kupanga, tafsiri yake inakuwa nyingine: ni nyumba yenye maji ya bomba.

Nguo nayo huingia katika kundi hili. Ukiloweka kanga mpya nyekundu katika beseni moja na shuka jeupe, baada ya robo saa utaona maji yamegeuka rangi ya waridi na shuka limeshika mabaka kwenye mikunjo. Mwingereza atasema rangi “has run”. Sisi tunasema kanga imetoa rangi, au imechuja. Kuchujuka ni jambo la karibu lakini si lilelile: ni kanga kupauka kidogokidogo kwa kufuliwa na kuanikwa juani, nalo Kiingereza kina neno lake jingine, “fade”.

Kiima kikiwa mashine, angalia ni hali gani inayosemwa. Injini iliyowashwa inaunguruma, na “let the engine run for three minutes” ni “iache injini iungurume kwa dakika tatu”. Gari ambalo “runs on diesel” linatumia dizeli. Friji ambayo “is not running” haifanyi kazi, na programu ya simu ambayo “is running in the background” inaendelea kufanya kazi chinichini, hata kama mwenye simu haioni kwenye kioo. Kwa maelekezo ya usalama ushauri wangu ni mmoja: chagua kati ya “washa”, “zima” na “acha ikiwaka”, kwa kuwa hayo ndiyo maneno ambayo mkono wa mtumiaji huyatii.

Kiima kikiwa njia, mpaka au ukuta, Kiswahili hutumia vitenzi vya kutoka na kufika. Reli ya TAZARA inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,860. Reli yenyewe haiendi popote, ila treni zinazopita juu yake hufanya safari, na “the train runs twice a week” ni “treni hufanya safari mara mbili kwa wiki”. Kiima kikiwa jambo la muda, kama mkataba au maonyesho, andika kwamba linaanza tarehe fulani na kuisha tarehe fulani, au linadumu kwa kipindi fulani. Kikao ambacho “ran over” kimepitiliza muda. Na “three days running” haina mwendo wowote ndani yake: ni siku tatu mfululizo.

Hatua ya tatu: Tafuta kama kitenzi kina yambwa

Kitenzi “run” kikifuatwa moja kwa moja na kitu kinachotendwa, yaani yambwa, kwa kawaida mtu ndiye anayekifanya kitu hicho kiende, na hapo “kuendesha” ndilo neno la kwanza la kulijaribu. Kuendesha kumetoka katika “kwenda” kwa kauli ya kutendesha, yaani kufanya kitu kiende, kwa hiyo limekaribiana na “run” kuliko “kukimbia” linavyokaribiana nalo. Tunaendesha biashara, shule, mradi, semina na programu ya kompyuta. Jambo la kustaajabisha ni kwamba maneno haya mawili yanakutana hata kwenye ugonjwa: Mwingereza mwenye tumbo la kuhara husema ana “the runs”, nasi husema mgonjwa anaendesha. Mkalimani wa hospitalini, awe Nairobi au Marekani, ni lazima azijue njia zote mbili, kwa sababu mgonjwa mtu mzima mara nyingi huona haya kutaja kuhara, akachagua neno la staha, na daktari akikosa kuelewa siku mbili za upotevu wa maji mwilini zinaweza kupita bila tiba.

“Kuendesha” nalo halifai kila mahali. Daktari “runs a test”, nasi tunasema anapima au anafanya kipimo. Mtoto “running a fever” ana homa, basi. Gazeti “ran the story” maana yake limechapisha habari hiyo. Dereva aliye-“run a red light” amepita taa nyekundu. Anayesema “I have to run some errands” ana shughuli ndogondogo za kufanya mjini, au ametumwa. Anayepitisha silaha kwa magendo, anayejaza maji ya kuoga, na anayepapasa kitambaa kwa vidole, wote kwa Kiingereza wanaweza kusemwa kwa “run”, na kwa Kiswahili kila mmoja ana kitenzi chake. Mtu akiuliza “Who runs this place?” simshauri mfasiri aandike “Nani anaendesha mahali hapa?” kwa sababu mgeni anayefika ofisini Tanga au Mombasa huuliza, “Mkuu wa hapa ni nani?” au “Msimamizi yuko wapi?”

Hatua ya nne: Soma neno dogo linalofuata

Maneno madogo kama “out”, “into”, “over”, “down” na “away” hubadilisha maana yote, na kosa la kawaida ni kuyatafsiri pekepeke. Lichukulie kila jozi kama neno moja.

Jozi inayostahili kukaliwa zaidi ni “run out of”. Kwa Kiingereza mtu ndiye anayetenda: “we have run out of sugar”. Kwa Kiswahili una milango miwili. Unaweza kuanza na mtu, ukasema “tumeishiwa sukari”, au ukaanza na kitu, ukasema “sukari imetuishia”. Wa kwanza unaelekeza macho kwa waliopungukiwa, wa pili unayaelekeza kwenye kopo tupu. Katika tangazo la hospitali kuhusu dawa napendelea wa pili, kwa kuwa habari ni dawa. Katika hadithi ya familia iliyokosa fedha napendelea “wameishiwa”, neno ambalo likisimama peke yake, bila hata kutaja fedha, msikilizaji huelewa. “Time is running out” ni “muda unakwisha” au “muda unayoyoma”, na simu ambayo “is running low” inaishiwa chaji.

“Run into” lina maana tatu zisizohusiana, na kinachofuata ndicho hukuonyesha ipi inatakiwa. Kikiwa mti au gari, ni kugonga. Akiwa mtu unayemfahamu, ni kukutana naye bila kutarajia. Zikiwa fedha, ni kufikia: gharama “run into millions” ni gharama zinazofikia mamilioni. “Run over” kwa ajali ni kugongwa na gari, ila kwa karatasi za somo ni kuzipitia tena. “Run away” kwa mtoto aliyeacha kwao ni kutoroka. “Run up debts” ni kujilimbikizia madeni. “Run down” kwa jengo ni uchakavu, kwa mtu ni kudhoofika, na kwa anayemsema mwenzake vibaya ni kumponda. Mwenzako ofisini akisema “let me run it by you,” anaomba akushirikishe wazo lake usikie unalionaje. Usilichanganye na lile “run by” la masista wa hatua ya kwanza.

Hatua ya tano: Uliza habari inatoka katika fani gani

Katika uchaguzi, “to run” ni kugombea, na Kenya utasikia sana pia kuwania. Nimeona mara kadhaa tafsiri za haraka zikiandika kwamba mtu fulani “anakimbia kwa urais”, na hili linaniumiza kwa sababu Kiswahili kina istilahi za uchaguzi zilizokomaa na zinazojulikana hadi vijijini. “Running mate” ni mgombea mwenza. Anayesimama “unopposed” amepita bila kupingwa. “Run-off” ni duru ya pili, nayo ina kazi ya kweli nchini Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo wawili wa juu wanarudi kwa wapigakura ndani ya siku 30. “Runner-up” ni mshindi wa pili, katika uchaguzi na katika mashindano.

Katika habari za fedha, “a run on the bank” ni wateja kukimbilia benki kutoa fedha zao kwa hofu kwamba itaanguka. Hapa mzizi wa kukimbia unarudi kwa haki yake, kwa sababu “kukimbilia” kwa Kiswahili hubeba ile pupa ya kutaka kufika kabla ya wengine, hata pale ambapo miguu haihusiki. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani waliagiza kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa simu na kompyuta, na bado kuandika kwamba walikimbilia fedha zao kunaeleweka vizuri.

Nomino nyingine nitazitaja kwa haraka. “Print run” ni idadi ya nakala zilizochapwa kwa mkupuo mmoja. “Chicken run” ni uwanja mdogo wa kuku uliozungushiwa wavu. “Dry run” ni jaribio kabla ya shughuli yenyewe. Anayekuwa “on the run” anasakwa au yuko mafichoni. “In the long run” ni hatimaye, au baada ya muda mrefu. “Runway” ni njia ya kurukia ndege. Katika kriketi, “runs” zinazohesabiwa kama alama naona “mikimbio” linafaa, mradi lifafanuliwe mara ya kwanza, kwa kuwa mpira ukivuka mpaka wa uwanja mchezaji hupewa alama nne au sita hata asipokimbia. Methali ihamishiwe kwa methali: “still waters run deep” usiijengee maji wala kina, kwa kuwa tunayo “kimya kingi kina mshindo mkubwa”.

Hatua ya sita: Funika Kiingereza, kisha andika

Ukishajua maana, ifunike sentensi ya Kiingereza kwa mkono au kwa karatasi, na uandike kana kwamba unamwambia mtu aliye mbele yako. Chukua sentensi hii, ambayo nimewahi kuwapa wanafunzi wangu: “The clinic is run by two nurses, the water runs only in the morning, and they have run out of gloves.” Kitenzi ni kimoja mara tatu. Mara ya kwanza ni kauli ya kutendwa yenye yambwa iliyogeuzwa kuwa kiima, kwa hiyo ni kuendeshwa. Mara ya pili kiima ni maji ya bomba, kwa hiyo ni kutoka. Mara ya tatu kuna “out of”, kwa hiyo ni kuishiwa. Mwanafunzi mmoja aliniletea hivi: “Zahanati inaendeshwa na wauguzi wawili, maji yanatoka asubuhi tu, na wameishiwa glavu.” Nilimpa alama zote. Kisha tukaisoma kwa sauti, naye mwenyewe akasita kwenye “wameishiwa”, akasema kwamba akiwa msomaji angejiuliza kidogo kama walioishiwa ni wauguzi au ni watu wa zahanati nzima, akachukua kalamu, akafuta, na kuandika “na glavu zimekwisha”.